Sauti Yako Bado Inauza Dawa

Mama Kulwa,

Shikamoo.

Nimeiandika salamu hiyo nikaweka kalamu chini, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Mazoea. Ulipokuwa hai hukuwahi kuniacha niimalize. Uliikata katikati kwa "marahaba, ng'wanawane, mhola?" yaani mwanangu, u salama, nami nikajibu "mhola" basi, maana Kisukuma changu chote kiliishia hapo. Ulinicheka kwamba mimi ni Mnyamwezi wa kusimuliwa, babu yangu alikuja Kilosa na reli kutoka Tabora akaisahau lugha behewani.

Mama yangu anakusalimu. Mguu ule anaukanyagia mpaka sasa. Asubuhi hii ametembea mwenyewe hadi sokoni na kurudi, akaniambia, "Ukimwandikia Mama Kulwa, mwambie bado natembea." Amejuaje kwamba nakuandikia, sijui. Sikumwambia mtu.

Nimekuja kaburini kwako Msowero mara mbili nikitaka kukueleza kwa mdomo. Zote nilikuta watu. Wanakaa pale kama watu waliokaa foleni ya zahanati, wengine wameshika chupa. Mwanamke mmoja alikuwa anamnywesha mtoto wake huku anataja jina lako. Nikageuka. Nilichokuja kusema si cha kusema mbele ya watu wale, nisingemaliza hata sentensi moja. Ndiyo maana naandika.

Niache nianzie mbali. Habari yenyewe ni nzito, na naogopa nikiitua ghafla nitakukosea adabu.

Unakumbuka ulivyoingia nyumbani kwetu? Ulikuwa unapitisha maziwa ya mgando mtaa kwa mtaa, ndoo kichwani, ukasimama mlangoni ukanusa. Hukuuliza kama tunanunua. Ulisema, "Humu ndani kuna kidonda." Nikaona haya. Donda la mama lilikuwa limefikia hali ambayo sisi wenyewe tulishalizoea harufu yake. Sukari ilikuwa imemshika miaka mingi, na hospitali walishaanza kutamka neno kukata. Uliomba kuliona. Ukachutama, ukautazama mguu kama mtu anayesoma, kisha ukasema, "Msimkate kwanza. Nipeni hadi mwezi mwingine uandame."

Nilikuwa mkali kwako siku ile. Nilikwambia dawa za sukari mama yangu haachi hata kidonge kimoja. Ukanijibu, "Nani kamwambia aache? Sukari shikeni nyie. Mimi nashika kidonda." Tangu jibu hilo nikakupenda.

Ulikuja na kibuyu chenye majani makavu, uliyoyabeba kutoka kwenu Maswa mlipohama na ng'ombe. Mama yako mzazi ndiye aliyekuonyesha ule mti. Ulipokifungua, nyumba nzima ilijaa harufu kama ya karafuu iliyoungua. Ukachemsha, ukaosha, ukafunga. Ukarudi kesho, na kesho kutwa. Mwezi ulipoandama, donda lilikuwa limeanza kufunga kutoka pembeni kuja katikati, nyama ya waridi, safi. Nimefanya kazi maabara miaka mingi na sijawahi kukodolea macho kitu kama nilivyoukodolea mguu ule.

Ndipo nikakuomba konzi moja ya majani.

Kazi yetu uliiona mwenyewe, nami sitasahau ulivyokaa kwenye kile kiti kirefu, miguu inaning'inia, kanga umejifunga vizuri kama uliyekuja harusini. Tulisaga jani, tukaliloweka kwenye spiriti, tukachuja, tukaukausha ule mchujo mpaka ukabaki ujiuji mweusi wa kijani. Ukasema, "Kumbe na nyie mnapika." Daktari Imani, bosi wangu, ambaye si mtu wa kucheka, alicheka. Tukapanda kwenye visahani wadudu tuliowatoa kwenye usaha wa vidonda, tukaweka katikati kikaratasi cha duara kilicholowa dawa yako, tukafunika, tukawaacha walale kwenye joto.

Asubuhi nilikuita uone. Nikakinyanyua kisahani kwenye mwanga wa dirisha. Kote kulikuwa na utando kama wa maziwa yaliyoanza kuganda, ila kuzunguka kile kikaratasi palikuwa peupe, duara pana, safi, hakuna kilichoota. Ulikitazama kwa karibu. Halafu ukapiga makofi: "Wamekimbia! Tazama, wamekimbia hao!" Ukacheka mpaka ukajifuta machozi.

Daktari Imani alikwambia pale pale, tena kwa heshima, "Mama, hii ni hatua ya kwanza tu. Kisahani si mtu." Nawe ukamjibu, "Kisahani si mtu, lakini mguu wa mama yake Tatu ni mtu." Mimi ndiye Tatu, na mguu ulikuwa wa mama yangu, na siku ile nilikuwa upande wako kabisa.

Jani lako lilikuwa jani la kweli, Mama Kulwa. Naomba ulishike hilo neno kabla sijaendelea. Lilikuwa la kweli.

Lakini lilikwisha.

Watu walikuwa wameshasikia. Walikuja kwako kutoka Msowero kote, kutoka Mvumi, wakulima na wafugaji, watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa wanashikiana marungu kwa ajili ya ng'ombe kuingia mashambani. Walikaa benchi moja uani kwako. Kibuyu kikawa chepesi, kikaisha. Maswa ni mbali, na mama yako alikwishafariki. Ndipo ulipokwenda Mikumi kumtembelea Doto, pacha wa Kulwa, ukauona mti ule kando ya mashamba, karibu na mpaka wa hifadhi. Ulinipigia simu ukipiga kelele kwa furaha: "Tatu! Upo huku! Umejaa huku kama magugu!"

Ulirudi na gunia. Nakumbuka ulichukua jani ukalivunja mbele yangu, ukalinusa. Ukalinusa tena. Nikakuuliza kuna nini. Ukasema, "Halinuki. Udongo wa huku umelinyima harufu." Ukalitupa kwenye gunia, tukaendelea na mengine.

Jani ni lile lile kwa macho. Umbo lile, meno yale pembeni, manyoya yale mgongoni. Na vidonda vikaendelea kukauka, si vizuri kama vya mwanzo, lakini vilikauka. Nani angeshuku? Na kwa kuwa kwenu jani lile hunywewa pia, kwa tumbo na kwa kusafisha damu, ukaanza kuwapa watu wanywe. Wewe mwenyewe ukawa unakunywa kikombe kila asubuhi kabla ya kushika mgonjwa yeyote. Ulisema mganga asiyekunywa dawa yake ni mwongo.

Kisha ukaanza kuchoka. Ulisema ni jua. Ukaanza kujikuna mikono na miguu mpaka ngozi ikachubuka, ukasema ni sabuni. Nilipokuona baada ya majuma machache macho yako yalikuwa na rangi ya manjano ya embe, nikakulazimisha twende hospitali. Walisema ini. Walisema limechakaa sana, wakauliza kama unakunywa pombe, nawe ukakasirika kwa sababu hukuwahi kuionja maisha yako yote. Uani kwako watu walisema umebeba magonjwa yao. Wengine walisema umerogwa na wanaoona wivu. Ulikufa ukiwa umenishika kidole gumba, kama mtoto mchanga anavyoshika.

Kulwa ndiye aliyeshika kazi yako. Ulishamwonyesha kila kitu. Tulipotoka matanga tu, benchi lilikuwa limeshajaa.

Sasa ndiyo nafika.

Daktari Imani alipata kibali cha kuendelea na hatua ya pili, akaniambia nitafute majani mengine, maana yale ya kibuyu tulikuwa tumebakiwa na mchujo kidogo tu kwenye chupa, ndani ya friji. Nikamwomba Kulwa. Akanipa gunia zima kwa moyo mweupe, akasema, "Mama angefurahi." Tukasaga, tukaloweka, tukachuja. Ule ujiuji ulipokauka ulikuwa na rangi nyingine kidogo, ya kahawia. Kwenye visahani duara lilikuwepo, ila jembamba, na kingo zake zilikuwa na ukungu. Daktari akasema labda ni msimu, labda majani yalivunwa yakiwa machanga. Nami nikataka kuamini hivyo.

Kabla ya kumpa mnyama dawa yoyote, tunaijaribu kwanza kwa vifaranga vya uduvi. Ni viumbe vidogo vya maji ya chumvi, wadogo kama vumbi, ukiwamulika wanacheza kwenye maji kama vumbi linavyocheza kwenye mwanga wa dirisha. Niliweka matone ya dawa mpya kwenye vijichupa vya upande mmoja, na kwa kulinganisha nikatia matone ya ule mchujo wa zamani, wa kibuyu, kwenye vya upande mwingine.

Niliporudi kuwatazama, upande wa kibuyu walikuwa wanacheza.

Upande wa pili walikuwa wamelala chini wote. Nilivitikisa vile vijichupa. Walipanda, wakashuka tena, polepole, kama majivu.

Nilirudia. Nilibadili maji, nikaosha kila chombo upya kwa mikono yangu, nikarudia. Majivu tena.

Tukaenda kwenye panya weupe. Sitakusimulia yote, ulikuwa na huruma na wanyama. Waliacha kula. Manyoya yakasimama. Siku moja nikamshika mmoja nimgeuze nimtazame, nikaona masikio yake, pale ngozi ilipo nyembamba mwanga ukapita: manjano. Nilimrudisha kwenye kizimba nikatoka nje nikasimama kwenye uwanja wa nyuma. Treni ya umeme ilikuwa inapita ng'ambo, na mimi nilikuwa naona macho yako tu.

Daktari Imani akatuma matawi kwa mtaalamu wa mimea, ya kwenu na ya huku, maana kijana mmoja wa kwenu alikuwa ametuletea tawi lenye maua kutoka Maswa. Yule mtaalamu hakuchukua muda. Alipiga simu akasema, "Mnanitania? Hii ni mimea miwili. Majani yanafanana, maua hata hayasalimiani. Huu wa Mikumi msimpe mtu anywe."

Mama Kulwa, udongo haukulinyima harufu. Halikuwa jani lako.

Sijui kama ndilo lililokuua. Nataka kuwa mkweli kwako hata sasa. Hakuna aliyekufungua akatazama, na ini lina maadui wengi. Sitakuambia ninachodhani kana kwamba nakijua. Lakini siku ile niliposikia maneno ya yule mtaalamu nilikaa chini sakafuni, na Daktari akakaa chini pamoja nami, na suti yake.

Nikaenda Msowero kwa bodaboda, matope mpaka magotini, na ile barua ya majibu ya maabara kwenye mfuko wa plastiki, ingawa nilijua haitasaidia. Kulwa alikuwa uani anahudumia. Ana mikono yako. Anavyokunja kanga kabla ya kuinama ni wewe. Nikamwita pembeni nikamweleza polepole, kama nilivyokueleza wewe sasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama mdogo, nyasi hazijaota juu ya mama yangu, na wewe unakuja kumwita mchawi?"

Nikasema sikutamka neno mchawi.

"Anayewapa watu sumu anaitwaje?"

Wewe ungejua la kumjibu, Mama Kulwa. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi, mkulima wa Mvumi, akavua kofia yake akaniambia bila ubaya, "Binti, tuache. Hospitali iko mbali, na huyu yuko hapa." Wengine wakaanza kuguna. Mmoja akauliza nimetumwa na nani.

Kulwa akachukua kikombe kilichokuwa juu ya kinu, akanitazama machoni, akanywa chote. Anakunywa kila asubuhi, kama wewe. Anasema ni ili dawa imkubali. Alipoinua uso kumalizia tone la mwisho, jua likampiga usoni moja kwa moja, nami nikaona. Nilimshika kidevu bila kuomba ruhusa, nikavuta kope chini kwa kidole. Akanipiga mkono. Lakini nilikuwa nimeshaona.

Manjano.

Nikamwambia, "Kulwa, twende hospitali sasa hivi." Akasema, "Nenda zako, mama mdogo, kabla sijakukosea heshima." Akaanza kulia akiwa amenipa mgongo, na watu wa benchi wakasimama. Nikaondoka. Yule dereva wa bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki.

Nikajua aliyebaki ni Doto. Pacha mmoja humsikia pacha mwenzake hata kama hamsikii mtu mwingine duniani. Doto anaishi Mikumi, kwa hiyo kesho yake nikapanda gari. Njia nzima, kupitia kijiji cha Ulaya mpaka kule, nilikuwa napanga maneno. Kando ya barabara nilianza kuuona ule mti. Sikuwahi kuutilia maanani. Ulikuwa kila mahali, unang'aa kwa mvua, na mahali pengi ulikuwa umekatwakatwa matawi.

Nilishuka stendi. Mabasi yalikuwa yamesimama, abiria wananunua mahindi ya kuchoma, malori ya Tunduma yamepangwa kwenye kingo za lami. Nikaanza kutafuta kibanda cha Doto kwa macho.

Nikakusikia.

Nilisimama. Ulikuwa unasema, kwa sauti yako ile ya furaha: "Nimeona kwa macho yangu mwenyewe. Waliweka jani langu kwenye kisahani, wadudu wakakimbia. Wamekimbia hao!" Halafu ukacheka. Kicheko chako chote, mpaka kile kikohozi kidogo cha mwisho. Ikafuata sauti ya Doto: "Dawa ya Mama Kulwa, imepimwa maabara! Vidonda, tumbo, sukari, presha, nguvu za kiume!" Kisha ukaanza tena mwanzo. "Nimeona kwa macho yangu mwenyewe."

Ilikuwa inatoka kwenye spika ya buluu juu ya meza. Mbele ya spika zilipangwa chupa za maji zilizojazwa maji ya kahawia, na kila moja ilikuwa na karatasi iliyoandikwa Imepimwa. Dereva wa lori alinunua chupa kadhaa akazitupa kwenye kiti chake akaondoka nazo. Nilimwona akipandisha mlima wa kwenda Iringa, na chupa zako, na jina lako.

Doto aliponiona alifungua mikono. "Mama mdogo! Shikamoo! Umemsikia mama?"

Alikuwa na uso wa mtu aliyefurahi kwa kweli. Nikamwambia azime. Akadhani ni kelele zinanisumbua, akapunguza sauti kidogo. Nikamwambia, "Zima kabisa, Doto." Akasema, "Nikiizima nabaki peke yangu hapa." Alikurekodi kwa simu, kumbe, siku ile uliyotoka maabara ukaenda moja kwa moja kumsimulia. Hana kumbukumbu nyingine yako ukicheka.

Nikamweleza habari ya majani mawili. Alisikiliza nusu. "Lakini wewe ndiye uliyepima," akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwepo. Mama hakusema uongo."

"Hakusema uongo. Alisema kweli kuhusu jani la kibuyu. Hili ulilo nalo hapa si lile."

"Watu wanapona."

"Wapo wapi?"

Akaangalia barabara. Waliokwenda na mabasi hawarudi kusema. Aliliona hilo mwenyewe, niliona likimshika, lakini akatikisa kichwa, akaanza kupanga upya chupa ambazo hazikuhitaji kupangwa. Ndipo nikamwambia, "Umemwona Kulwa lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita."

"Macho yake yamekuwa kama ya mama."

Doto aliacha mkono wake juu ya chupa. Wewe kwenye spika ulikuwa umefikia kucheka. Aliinyoosha ile mikono yake mirefu akaigeuza swichi, na stendi nzima nikaona kama imekuwa na upepo ghafla. Akamwaga chupa moja baada ya nyingine kwenye mtaro, abiria wakimtazama kama mwehu, mama muuza mahindi akiuliza kulikoni. Jioni ile ile tulikuwa Msowero.

Sijui alimwambia nini pacha wake. Walikaa ndani wawili tu, wakazungumza Kikwenu. Nilikaa uani kwenye benchi lako, tupu mara hii. Kulwa alipotoka alikuwa amevaa viatu na amebeba mfuko. Alinipita, akasimama, akaniuliza bila kunitazama, "Mama alijua?"

Nikamwambia, "Hakujua."

"Uniapie."

Nikamwapia. "Mama yako alinusa jani mbele yangu, akatafuta sababu njema kwa sababu watu walikuwa wanamsubiri." Hivyo ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo nitakavyomwambia kila mtu.

Kulwa yuko hospitali. Nakuandikia ukweli wote, kwa hiyo na hili pia: haijulikani. Madaktari wanasema ini ni kiungo chenye subira, likiachwa linaweza kujijenga. Wanasema pia kwamba wakati mwingine mtu huchelewa. Wanamtoa damu, wanatazama, wanamtoa tena. Anakula uji kidogo. Jana alijikuna mpaka nikamfunga mikono kwa kitambaa laini, akacheka, akasema nimemfanya mtoto. Kucheka kwake ni kwako.

Doto alirudi Mikumi na ile spika ya buluu. Alisimama pale pale na kusema kwa mdomo wake mwenyewe, "Mimi ni Doto, mtoto wa mama mliyekuwa mnamsikia. Msinywe ile dawa. Mliyenunua, mwageni. Dada yangu mwenyewe yuko hospitali." Unajua walimjibu nini? Kwamba amenunuliwa na wenye maduka ya dawa. Kwamba serikali imemtisha. Kwamba anataka kubaki na siri peke yake apandishe bei. Mtu mmoja alimtupia chupa. Na Msowero, watu wa benchi walipoona mlango umefungwa, walianza kusafiri hadi Mikumi kujichumia. Mti wenyewe huko uko kila mahali, hauhitaji mganga. Wale unaowaona kaburini kwako ni hao, Mama Kulwa. Wanakuja kukuomba baraka juu ya chupa walizojaza wenyewe. Tumekwenda na Daktari Imani kwa mtendaji wa kata, tukaenda na kwa viongozi wa wilaya. Wametusikiliza, na tangazo limebandikwa. Mvua imelilowesha.

Lakini si hilo linaloniamsha.

Juzi dereva mmoja wa basi alimwambia Doto amekusikia Kidodi. Doto akadhani anamtania. Tukampigia mtu aliye huko, akatusogezea simu karibu na spika ya kibanda fulani, tukasikiliza wote wawili, sikio kwa sikio. Ulikuwa wewe. "Nimeona kwa macho yangu mwenyewe." Mtu alinakili ile sauti kwenye memori kadi. Halafu leo asubuhi tena, Ruaha, kwa mtu mwingine. Hatujui wako wangapi. Hatujui wanachemsha jani gani, wala kama ni jani. Doto aliiweka simu chini akajishika kichwa, akasema, "Nimemtoa mama yangu kaburini nikamtuma barabarani."

Mama Kulwa, ulikuwa mtu uliyenusa kidonda kutoka mlangoni na usiweze kupita. Najua ungekuwa hai ungeinuka ungekwenda mwenyewe, kibanda kwa kibanda, ungezipiga teke hizo spika. Huwezi. Basi nitakwenda mimi na Doto. Kesho tunaanza na Kidodi. Daktari Imani ametupa gari la ofisi na vijichupa vya uduvi, wa dawa ya kibuyu na wa hii ya Mikumi, ili anayetaka aone kwa macho yake. Patakapokuwa na mtu wa kusikia nitamwambia habari zote: kwamba ulikuwa na jani la kweli, kwamba tunalo bado tawi lake kutoka kwenu na tunalifuatilia kwa haki, taratibu, hata likichukua miaka yote niliyobakiwa nayo, na kwamba hili wanalokunywa si lako. Jina lako sitaliacha kwenye chupa za watu.

Na kila nitakapokukuta unazungumza, nitakuzima. Nisamehe neno hilo, sina jingine. Nitanyoosha mkono nitakuzima mimi mwenyewe, ukiwa katikati ya kucheka, mpaka pasibaki mahali unaposikika ila kwa watoto wako.

Muombee Kulwa kama huko mnaombea.

Lala, Mama Kulwa. Nyamaza sasa, upumzike.

Mwanao,
Tatu